Arusha inauza Meru, wenyeji wanashuka vumbini

Dalali wa viwanja wa Arusha haanzi na vipimo. Anakusimamisha katikati ya kiwanja, anakugeuza uso uelekee kaskazini, kisha ananyoosha mkono: bosi, ukifungua dirisha asubuhi, mlima huu hapa. Ukimuuliza maji yanafika lini, anajibu kwa mkato. Ukimuuliza hati imefikia hatua gani, anakumbuka simu aliyotakiwa kuipiga. Lakini habari za mlima atakupa mpaka jua lizame, kwa sababu anajua fika kwamba Meru, na mita zake 4,566, ndiyo inayopanga bei.

Miji ya pwani ina ufukwe, Arusha ina Meru. Kule Nungwi na Paje, kisiwani Unguja, umbali kutoka majini unatosha kubadili bei ya ardhi, na baada ya muda unambadili hata mwenye ardhi. Huku hakuna bahari wala minazi, ila mambo yanakwenda vilevile: ardhi inayotazamana na kile mgeni alichokuja kukiona ndiyo inayopanda bei kwanza, na aliyezaliwa juu yake ndiye anayetangulia kuondoka. Anayetaka kujua yanayowapata wakazi wa maeneo ya hoteli za ufukweni hana haja ya kuteremka Dar es Salaam au kuvuka kwenda Unguja. Apande daladala ya Tengeru tu.

Kwa haki, Arusha haikuanza jana kupokea wageni. Wajerumani walijenga boma lao mwishoni mwa karne ya 19, na mji uliokua kulizunguka ulipangwa kwa rangi za watu: Wazungu walikaa penye miti na upepo upande wa mto Themi, Wahindi katikati penye maduka, Waafrika Kaloleni na Ngarenaro. Hadi leo mtu wa Arusha anataja Uzunguni na Uhindini bila kujiuliza. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mji ulijaribu njia nyingine, ile ya viwanda. Mtaa wa Unga Limited ulipata jina kutokana na kinu cha unga. Kiltex ilifuma nguo, na General Tyre ilitengeneza matairi kule Njiro. Aliyehamia Arusha enzi hizo alifuata mshahara wa kiwandani na alipanga chumba karibu na geti la kazi yake. General Tyre ilisimamisha uzalishaji mwaka 2009. Kwa sehemu kubwa, kazi iliyobaki mjini ni ya kuwahudumia watu wanaokuja na kuondoka: kuwaendesha, kuwapikia, kuwatandikia vitanda, kuwapandisha mlima, kuwatafsiria mkutanoni.

Wimbi kubwa la kwanza la zama hizi lilikuja na Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kuweka makao yake katika jengo la kituo cha mikutano cha AICC. Majaji, mawakili, wakalimani na walinzi wenye mishahara ya Umoja wa Mataifa walihitaji nyumba, wakazipata Njiro, Sakina na Ilboru. Kodi ikaanza kutajwa kwa dola. Mwenye nyumba aliyekuwa na bustani na ukuta alihamia nyumba ya nyuma, ya mbele akampangisha mgeni, watoto wakasoma shule nzuri. Hilo nalo tulikubali ni faida. Mahakama ilipofunga shughuli zake Desemba 2015, nyumba kubwa nyingi zilibaki na vibao vya kutafuta wapangaji. Kodi za majumba zikalegea. Lakini sijakutana na mtu wa Kijenge au Sombetini aliyeniambia kwamba mwaka huo kodi ya chumba chake ilishuka.

Wimbi la sasa ni pana zaidi. Filamu ya Royal Tour, ya kutangaza utalii wa nchi, ilizinduliwa Aprili 2022, New York kwanza na Arusha baadaye mwezi huohuo. Mwaka huo Tanzania ilipokea watalii wapatao milioni 1.45 kutoka nje; mwaka 2024 walizidi milioni 2.1. Anayekwenda Serengeti, Ngorongoro, Tarangire au Manyara kwa njia ya kaskazini hulala Arusha angalau usiku mmoja, na usiku huo mmoja ndio uliojenga maghorofa ya hoteli kuanzia Sanawari hadi Usa River. Pamoja na hoteli, nyumba za kawaida za Njiro na Sakina nazo zimegeuzwa za kupangishwa kwa usiku, kwa simu, kwa mtu ambaye mwenye nyumba hatamwona tena. Chumba kilichokuwa cha mwalimu au nesi sasa kina taulo mbili nyeupe zilizokunjwa juu ya kitanda na neno la siri la intaneti ukutani.

Wakati huohuo watu wanaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 416,442 katika Jiji la Arusha. Ya 2022 ikahesabu 617,631. Hao laki mbili walioongezeka hawakai Uzunguni. Wako Muriet, Olasiti, Moshono, Terrat na Olmoti, kwenye tambarare za pembezoni zenye vumbi la kiangazi na tope la masika. Kwa miaka mingi ardhi ile ilikuwa ya wafugaji na wakulima wa mahindi, pamoja na waliokwisha kushindwa na bei za juu. Mtu alinunua robo eka kwa maandishi ya serikali ya mtaa, akasimamisha chumba kimoja cha tofali za saruji, akahamia kabla ya kupiga plasta. Maji alinunua kwa dumu. Alivumilia, kwa sababu kilikuwa chake.

Kisha uwanja ukaja.

Olmoti ilipogeuka anwani

Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa AFCON 2027 mnamo Septemba 2023. Arusha ikachaguliwa kuwa na uwanja mpya wa kuchukua watazamaji 30,000, na mwezi Machi 2024 Serikali ikasaini mkataba na kampuni ya Kichina ya CRCEG, wenye thamani ya takribani Shilingi bilioni 286. Mahali pakawa Olmoti. Uwanja wa zamani, ule wa Sheikh Amri Abeid, uko katikati ya mji na umezungukwa na fremu za maduka; mtu anatoka stendi anaingia mpirani kwa miguu. Huu mpya umewekwa mahali ambapo bodaboda wa mjini, miaka michache iliyopita, angekuuliza mara mbili unakwenda wapi hasa.

Sipingi uwanja. Barabara inayokwenda uwanjani inampeleka na mjamzito kliniki, na nguzo za umeme zinazofuata taa za uwanja hupita kwenye nyumba za watu. Kwa mwenye kiwanja chenye karatasi safi, Olmoti imekuwa bahati. Tatizo liko kwa yule wa robo eka. Alikimbilia huko kwa sababu bei za Njiro zilimshinda, na sasa bei zimemfuata hadi mlangoni, zikiwa zimetangulizwa na watu wenye magari ya vioo vyeusi wanaoshuka, wanapima kwa hatua na kuuliza nani anauza. Karatasi yake ya mtaa haimpi nguvu ya kukopa benki ili naye ajenge fremu au nyumba ya wageni. Inampa nguvu ya kufanya jambo moja tu, kuuza. Anauza, anapokea fedha ambazo hajawahi kuzishika kwa pamoja, kisha anakwenda mbele zaidi, ambako maji ni ya dumu tena.

Wakazi wa kando ya barabara kuu wanalijua somo hili kwa rangi. Barabara ya Sakina hadi Tengeru ilipopanuliwa kuwa njia nne kwa kilomita 14.1, na ile ya mchepuko ya kilomita 42.4 ilipochongwa kuzunguka mji upande wa kusini, kuta zilipigwa alama za X. Nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya hifadhi ya barabara ya siku zote: huyo anabomoa kwa gharama yake. Kijani ni ya aliyefuatwa na barabara, baada ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 kuongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande: huyo anastahili kulipwa. Mita saba na nusu. Ndani ya upana huo zilikuwemo fremu za kuuzia nguo, gereji, vibanda vya chipsi, na sebule za watu. Nimeona nyumba ambayo X ilipita juu ya picha ya harusi iliyochorwa kwenye ukuta wa studio. Mwenye studio alikuwa mpangaji, hivyo rangi ya X haikumhusu. Kijani ingemlipa mwenye jengo, nyekundu isingemlipa yeyote, na yeye angehama kwa vyovyote.

Duluti, ufukwe wenyewe

Nimesema Arusha haina ufukwe. Inao mmoja. Ukitoka mjini kwa barabara ya Moshi, kabla hujafika kwenye kelele za soko la Tengeru, kushoto na kulia kuna migomba, na kulia, nyuma ya kahawa, kuna Ziwa Duluti. Ni ziwa la kreta lenye ukubwa wa hekta zisizozidi sana 60, na limezungukwa na ukanda mwembamba wa msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Asubuhi anga ikiwa safi unaona Meru upande mmoja, na ukibahatika unaona Kilimanjaro upande mwingine. Kenge wanaota jua juu ya magogo, na samaki wanaruka.

Tengeru imeshawahi kuwa mji wa wageni wasiokuwa watalii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia mwaka 1942, wakimbizi wa Poland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliotoka uhamishoni katika Umoja wa Kisovieti, waliwekwa hapa katika kambi iliyokuwa kubwa kuliko zote za Wapoland barani Afrika. Walilima, walijenga shule na kanisa, na waliofia hapa wamezikwa hapa. Makaburi yao yanatunzwa hadi leo. Walipoondoka, ardhi ikawa ya vyuo: mifugo, maendeleo ya jamii, utafiti wa mbogamboga, na karne hii ikaja Taasisi ya Nelson Mandela. Vyuo vilileta wapangaji, wapangaji wakaleta hosteli, na mama wa Tengeru aliyekuwa akiuza ndizi Jumatano na Jumamosi, siku za soko, akajenga vyumba vinne uani. Hayo yalikuwa mabadiliko ambayo mwenyeji aliyamudu, kwa sababu mwanafunzi ana bajeti ndogo na hajali mandhari.

Wageni wa sasa wa Duluti wanajali mandhari. Nyumba za walowezi wa kahawa zimekuwa hoteli. Mashamba yaliyozizunguka yanakatwa viwanja, na kila kiwanja kinachoanguka upande wa ziwa kinapata ukuta. Ukitembea njia ya vumbi kutoka barabarani kuelekea majini utazihesabu hatua za mabadiliko kwa macho: kwanza uzio wa manyara, kisha uzio wa waya, kisha ukuta wa tofali wenye vipande vya chupa juu, kisha ukuta uliopigwa rangi na waya wa umeme, na mwisho kibanda cha mlinzi. Njia ya miguu ambayo watoto waliipita kwenda kuvua inakunjwa mara mbili, halafu inakufa mbele ya geti. Kuingia msituni nako kunalipiwa. Mtalii wa Hamburg halioni hilo kuwa jambo. Kwa kijana wa Tengeru, ambaye babu yake alinywesha ng'ombe pale, ni jambo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Kule Duluti msitu unazilinda mita hizo 60 kuliko maeneo mengi. Lakini sheria inalinda maji. Haisemi mwenyeji atayafikia kwa njia ipi. Njia za miguu hazimo kwenye ramani za hati nyingi, na kitu kisichokuwemo kwenye ramani hakina wa kukitetea siku mwashi anapofunga kamba.

Chini kidogo, kwenye njia ya Usa River na Maji ya Chai, mabadiliko ni makubwa zaidi. Sehemu ya shamba la zamani la Dolly imegeuzwa makazi ya kifahari yenye uwanja wa gofu wa mashimo 18 na wanyama wanaotembea nje ya baraza. Ni pazuri, na wapo wenyeji walioajiriwa huko. Ila kuelewa kwa nini Mmeru anapita pale akiwa kimya, inabidi urudi nyuma.

Watu wa Meru na Waarusha waliishi mlimani wakiwa wamebanwa juu na chini. Juu kulikuwa na msitu wa Serikali. Chini Wajerumani, na Waingereza baada yao, waligawa mashamba makubwa kwa walowezi, yakauzunguka mlima kama mshipi. Mwenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya mlimani, hakuwa na pa kupanukia isipokuwa tambarare za ng'ambo. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 Engare Nanyuki ili mashamba yao wapewe Wazungu wafugaji. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, akausimulia ulimwengu habari hiyo, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Hiyo ndiyo Kesi ya Ardhi ya Wameru, iliyoisaidia Tanganyika kujifunza kudai. Miaka 60 baadaye, Aprili 2012, uchaguzi mdogo wa Arumeru Mashariki ulipofanyika, hoja iliyojaza mikutano ilikuwa ileile: mashamba makubwa ya walowezi yaliyobaki, na vijana wasio na pa kujenga. Chama cha upinzani cha Chadema kilishinda kiti hicho.

Kwa hiyo shamba la mlowezi linapobadilishwa matumizi, wa mlimani alitarajia lirudi kwake. Linapokuwa viwanja vya kuuzwa kwa dola, hakuna aliyevunja sheria. Lakini huwezi kumwambia asiumie.

Yale yanayotokea ndani ya vihamba ni ya taratibu zaidi na hayana wa kulaumiwa. Baba alikuwa na eka mbili za migomba na kahawa, akawagawia wana wanne. Mmoja anauza sehemu yake ya barabarani ili ajenge nyumba ya maana kwenye sehemu inayobaki. Wa pili anaona nyumba ya ndugu yake, naye anauza. Mnunuzi huja na fundi wake na jambo la kwanza analolitafuta ni makaburi, kwa maana Wameru huzika nyumbani, na kaburi lenye marumaru chini ya mgomba hushusha bei papo hapo. Mimi nashauri jambo moja ambalo madalali hawalipendi: mke aulizwe, tena kwa saini. Sheria ya Ardhi inataka ridhaa yake kabla ya makao ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani, na kesi nyingi zinazojaza mabaraza ya ardhi zisingekuwepo kama mtu angemwita mama jikoni kabla ya kuhesabu fedha sebuleni.

Mpangaji hana ukuta

Tukizungumzia mabadiliko ya mji tunawazungumzia wenye ardhi. Arusha, hata hivyo, ni mji wa wapangaji. Muongozaji wa watalii, mpagazi wa mlimani, mpishi wa hoteli, mfua mashuka, dereva wa gari la safari: karibu wote wamepanga. Kazi yao ina misimu. Kuanzia Juni hadi Oktoba kuna fedha, Aprili na Mei mvua zinafunga kila kitu. Mwenye nyumba hana msimu. Anataka kodi ya miezi sita mkononi, wengine ya mwaka mzima, na akipata anayelipa zaidi anakupa taarifa. Zamani kulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, ya mwaka 1984, iliyokuwa na makali yake. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mpangaji analindwa na mkataba wake, na wengi hawana mkataba ila namba ya simu ya mwenye nyumba.

Liangalie hili moja kwa karibu. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Ilianza kwa Shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500. Ni kodi ya mwenye jengo. Anayenunua umeme ni mpangaji. Sheria inamruhusu arudishiwe na mwenye nyumba, na kama unamfahamu mpangaji wa Ngarenaro au Sanawari aliyekwenda kudai Shilingi 1,500 kwa mwenye nyumba wake akabaki na uhusiano mzuri, mwandikie mhariri. Mkazi asiyemiliki tofali hata moja analipia tofali la mwenzake kila anapowasha taa.

Maji nayo yana mwelekeo wake. Meru ni volkano, na maji yake yana madini ya floraidi kwa kiwango kinachobadili meno ya watoto rangi kuwa ya kahawia. Nenda Engare Nanyuki utaona. Mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, uliogharimu takribani Shilingi bilioni 520 na kuzinduliwa mwaka 2021, ulilenga kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi milioni 200 kwa siku na kupunguza floraidi hiyo. Ni kazi kubwa na inastahili sifa. Lakini mlima huohuo unaouzwa kwa ajili ya kutazamwa ndio unaokusanya mvua. Kila paa jipya la Ilboru na kila ua uliosakafiwa Moivaro unaondoa kipande cha udongo kilichokuwa kinanywa maji. Yasiyonywewa juu yanateremka, na walioko njiani mwake ni walewale waliohamia tambarare. Aprili 2024 basi la wanafunzi lilisombwa na mafuriko pembezoni mwa jiji na watoto wakafa. Sisemi hoteli fulani ndiyo iliyosababisha. Nasema mpango wa mji unaopanga mandhari bila kupanga mifereji haujakamilika.

Mpango upo. Arusha ina mpango kabambe wa hadi mwaka 2035, ulioandaliwa na wataalamu wa Surbana wa Singapore, unaogusa jiji pamoja na sehemu za halmashauri za Arusha na Meru. Shirika la Nyumba la Taifa lilishapata eka 587 kule Mateves kwa ajili ya mji wa pembeni unaoitwa Safari City. Ramani za mipango hii ni nzuri kuzitazama. Wasiwasi wangu ni nani ameziona. Kule Kigamboni, Dar es Salaam, mpango wa mji mpya ulitangazwa mwaka 2008. Watu wakazuiwa kuendeleza maeneo yao, nyumba zikasimama kwenye linta, na miaka ikapita hadi mradi ulipoachwa. Wale hawakufukuzwa na yeyote. Walisimamishwa tu, na kusimamishwa miaka mingi kwa mtu mwenye watoto wanne ni hasara ambayo hakuna fomu inayoijaza.

Ndiyo hukumu yangu kuhusu Arusha mpya: mgeni ameandaliwa vizuri kuliko mwenyeji. Uwanja una tarehe, barabara ina mkandarasi, hoteli ina nyota. Mkazi ana tetesi. Kama halmashauri hizi tatu zingetaka, jambo la kuanzia si ghali: zibandike ramani kwenye ukuta wa kila ofisi ya kata, kwa Kiswahili, na zichore njia za miguu za kwenda mtoni, ziwani na sokoni kabla viwanja havijapimwa. Na kila mradi wa makazi unaobadili shamba kuwa viwanja utenge sehemu ya viwanja vidogo kwa bei ambayo dereva wa gari la safari anaweza kuilipa kwa awamu. Waliosafisha vyumba vya hoteli wasilale kilomita 20 kutoka hotelini.

Kwako msomaji wa Olmoti, Muriet, Olasiti, Tengeru au Usa River: mthamini akija kwako, msindikize kila hatua, hesabu naye miti, choo, kisima na makaburi, wala usisaini fomu yenye nafasi tupu. Chukua nakala yako na upige picha kila ukurasa. Fidia halali haiishii kwenye thamani ya ardhi na jengo. Kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi ya miezi 36, na ya kupoteza faida kwa mwenye biashara. Mpangaji mwenye fremu, hakikisha biashara yako ina leseni kwa jina lako na mkataba wa maandishi, ama sivyo hutahesabiwa. Chini ya Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, uthamini wa fidia unaisha nguvu baada ya miaka miwili, na malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita tangu uidhinishwe yanaanza kuzaa riba. Iandike riba hiyo kwenye barua, ipeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri, na usiondoke ofisini bila nakala iliyogongwa muhuri.